Babu wa Dodoma na Daftari la Mama Kona

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ukipita mitaani jioni utaapa kwamba nusu yao wanakaanga kitu na nusu nyingine wanasubiri kiive. Kuna chipsi, mihogo, samaki, bagia, sambusa, mishikaki, ndizi za kuchoma, na pweza aliyepangwa vipande vipande juu ya sinia. Katika jiji la namna hii hutarajii mke na mume waulizane, saa tisa alasiri, jua la Kinondoni likiwapiga usoni, mtoto huyu atakula wapi. Sisi tuliulizana. Tuliulizana mpaka usiku tukalala mzungu wa nne.

Mtoto mwenyewe ni wa kaka yangu. Kaka ni mtumishi wa serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikaa kwenye makaratasi tangu mwaka 1973, na Rais Magufuli aliposema Julai 2016 kwamba safari hii wanahama kweli, kaka alikuwa miongoni mwa waliofungasha mapema. Huko akaoa Mgogo, huko akapata mtoto wa kiume, na mtoto akapewa jina la marehemu baba yetu. Kwetu sisi mtoto aliyerithi jina la babu haitwi jina hilo hovyo hovyo. Anaitwa Babu tu. Basi huyu Babu ana miaka saba, meno ya mbele hana, na mimi shangazi yake humwamkia shikamoo kwa utani, naye huitikia marahaba bila kucheka. Naomba msomaji alikumbuke hilo la jina, na la meno pia.

Alikuja likizo ya Juni na mama yake, kwa treni. Tangu SGR ianze safari za Dodoma Julai 2024, ndugu wa huko wameacha kuogopa umbali. Zamani basi lilikula kutwa nzima na mtu akifika miguu imevimba, sasa anakunywa chai Dodoma na saa nne hazijapita yuko Stesheni anapiga simu, "Mko wapi?" Sisi tulikuwa kwenye foleni. Tunakaa Charambe, Mbagala, huku mwisho wa Temeke kunakokaribia Mkuranga, na kutoka Charambe hadi Stesheni ni safari inayotaka dua.

Usiku ule nilikuwa nimejipanga. Wali wa nazi, tui zito la nazi mbili, changu wa kupaka, mchicha. Babu aliinama juu ya sahani, akanusa, akamgeukia mama yake.

"Mama, huu wali umepakwa mafuta ya nywele."

Ukitafakari, mtoto hakusema uongo. Dodoma hakuna minazi. Yeye nazi anaijua ndani ya kichupa, mbele ya kioo, mama akichana nywele. Lakini wakati ule sikuwa katika hali ya kutafakari. Wifi alimfinya paja, akasema, "Nisamehe wifi, huyu ana ulimi mwepesi," kisha akafungua begi. Mlikuwa na unga wa uwele, mlenda mkavu uliosagwa, na karanga za kuuchanganyia. Baba watoto, ambaye hajawahi kuuacha utani umpite, akauliza, "Shemeji, umekuja na posho? Ulidhani unakwenda porini?" Wifi akacheka kwa midomo. Nami nikacheka kwa midomo. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wifi yangu alishika mwiko siku ya kwanza.

Na ule ugali wa uwele, Babu alikula matonge mawili akausukuma. Mlenda, alisema, una chumvi ya ajabu. Hapo tena hakukosea: maji yetu ni ya kisima, na visima vingi vya huku Mbagala vina chumvichumvi ambayo sisi tumeshaizoea.

Kuanzia usiku ule mdomo wa Babu ukawa mali ya umma. Kila akiketi, watu wazima watatu walinyamaza kumtazama. Akiinua kijiko, tunainua nyusi. Akikirudisha, mmoja anasema "jamani," mwingine "mlazimishe," wa tatu "mwache." Kaka alikuwa akipiga simu kutoka Dodoma kila usiku, na swali lake halikuwa hujambo wala poleni na watoto. "Amekula?" Wifi ni muuguzi, alikuwa anamjibu kwa vijiko, "Vinne, na nusu chapati," kwa sauti ile ya kukabidhi zamu wodini.

Binti yangu peke yake hakuwa na neno. Yuko darasa la sita, na kazi yake ya likizo ni kutumwa. Asubuhi nilimtuma vitumbua, akaondoka na Babu wameshikana mikono. Walichelewa, nikajua wanacheza. Mchana nao walikuwa wanapotea kidogo. Nani ana nafasi ya kufuata watoto likizo?

Baba watoto akaamua tatizo ni mazingira. Mtoto kaja jiji kubwa, alisema, halafu tunamlisha sebuleni, atapataje hamu? Akachukua likizo yake ya kazini, akakaa na simu jioni nzima akitazama picha za vyakula, akatengeneza orodha: Coco Beach kwanza, halafu mgahawa wenye michezo ya watoto, halafu Feri, halafu Sabasaba. Mimi nilimuuliza swali moja tu, choo. Akasema mambo ya choo yanajipanga yenyewe.

Coco Beach tulikwenda Jumapili, siku ambayo Dar nzima inakwenda. Kutoka Rangi Tatu ukapite Zakhem, Kizuiani, Misheni, Kwa Aziz Ali, uingie mjini, ubadilishe gari, uelekee Oysterbay. Huo ni mkoa mzima ndani ya mkoa. Watu wa Temeke tunakwenda Kinondoni kwa nia iliyowekwa, tukiwa tumeoga na tumebeba sweta. Wifi naye alikuja na masharti yake. Chakula kiwe cha moto, maji yawe na lakiri, na palipo na sahani pawe na maji ya kunawa yanayotiririka. Baba watoto alimwona mnoko, lakini mimi sikumlaumu. Agosti 2015, kipindupindu kilipoanza hapa Dar kisha kikatambaa mikoani, wauza vyakula wa barabarani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzuiwa, na yeye wakati huo alikuwa zamu. Aliyewatundikia watu dripu usiku na mchana hawezi kutazama ndoo ya maji kwa jicho la mtalii.

Pale ufukweni chakula ni mihogo. Kuna mishikaki, kuna madafu, kuna na mengine, lakini mtu aliyekwenda Coco akarudi bila mhogo ni sawa na hakwenda. Wanaukaanga mpaka unapasuka wenyewe, wanauchana, wanatia chumvi, na kabla hujasema neno mkono umeshapitisha pilipili. Mkono ule hauulizi, umezoea. Wifi alikuwa amegeuka kukagua kizibo cha chupa ya maji. Babu, ambaye kutwa nzima hakutaka kitu, ndipo akachagua kung'ata.

Kilio chake kilisimamisha mpira uliokuwa unachezwa pale mchangani.

Tukampa dafu. Likaisha, akataka jingine. La pili nalo likaisha, na yale mambo yanayojipanga yenyewe yakaanza kujipanga. Baba watoto alimbeba mgongoni kwenda kutafuta choo, na kutoka tulipoketi niliwaona wakipungua, wakipungua, mpaka wakawa madoa mawili kwenye umati. Waliporudi, mume wangu alikuwa amelowa mgongo. Hakusema ni jasho wala si jasho, nami sikuuliza mbele ya wifi. Bahari yenyewe, iliyomtoa mtoto Dodoma, Babu aliitazama kidogo akasema ina kelele.

Ndipo likaja lile swali la saa tisa alasiri, na jibu likawa mgahawa.

Mgahawa huo siutaji. Uko upande huo huo wa Kinondoni, una bembea, una lile turubai la kurukia, una viyoyozi na orodha ya vyakula yenye picha. Chakula cha watoto, yaani chipsi kiasi cha kiganja na paja la kuku, shilingi 18,000. Viazi ni vile vile vinavyoshushwa kwenye malori kutoka Njombe na Mbeya, kuku naye ni wa kisasa aliyekua kwa wiki chache, wa aina ile ile anayeuzwa kwetu kwa bei ambayo haimfanyi mtu afute miwani. Mume wangu aliifuta. Akaagiza vyakula viwili vya watoto, na watu wazima tukasema hatuna njaa, tutashushia soda. Soda nayo ilikuwa 3,000.

Tukasubiri. Babu aliruka kwenye turubai, akapanda bembea, akaruka tena. Tukasubiri. Mhudumu alipita akatabasamu, akasema kinakuja. Wifi akanywa soda yake kwa vijimafunda vidogo vidogo ili isiishe kabla ya mtoto kula, maana kuketi mbele ya glasi tupu mahali pale ni aibu. Chakula kilipofika, kimepangwa vizuri na kipande cha limau, Babu alikuwa amelala fofofo mapajani mwa mama yake, jasho la kuruka limemkaukia. Tulimtikisa. Tulimwita majina yote mawili. Akafungua jicho moja, akaliona paja la kuku, akalifumba.

"Tufungieni," akasema baba watoto, kwa sauti ya mtu anayesaini hati ya kuuza kiwanja.

Risiti ilikuja ndefu, VAT asilimia 18 ikiwa ndani yake, na kisanduku kikaja chepesi. Kile kisanduku tulisafiri nacho hadi Mbagala. Tulipofika Kwa Aziz Ali daladala nzima ilikuwa inanukia kuku, na konda akauliza kwa sauti nani amebeba sherehe. Chipsi zikifungwa zikiwa moto hujifukiza zenyewe na kulegea. Huo ndio ukweli wa chipsi zote, za 18,000 na za 2,000. Usiku, nilipoamka kunywa maji, nilimkuta mume wangu amesimama gizani jikoni anazila moja moja, uso wake ukiwa wa mtu anayetekeleza adhabu. Nikamuuliza je, mazingira yalimpa hamu? Huo ndio usiku wa mzungu wa nne.

Feri sitaisimulia sana. Soko la samaki lile ni la kwenda alfajiri, na sisi tulifika jua limepanda. Babu alisimama mbele ya pweza akauliza anavaa viatu vingapi. Muuzaji aliipenda hiyo, akamkatia kipande bure. Babu alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akampa paka.

Ikabaki Sabasaba, na hapo nilikuwa na imani, maana Sabasaba ni kwetu. Viwanja vya Mwalimu Nyerere viko Barabara ya Kilwa, ndani ya Temeke, huhitaji kubadilisha gari wala tabia. TanTrade huandaa pale maonesho ya biashara ya kimataifa kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Juni, na tarehe 7 Julai yenyewe, ambayo zamani ilikuwa ya kukumbuka kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, sasa ni siku ambayo kila familia ya Mbagala huvaa vizuri na kwenda kupotezana kwenye umati. Tulikwenda siku hiyo hiyo. Wifi alimwandikia Babu namba ya simu kwenye mkono kwa kalamu.

Na Babu akala. Nasema akala, ingawa hakuketi mahali. Kwenye mabanda ya wajasiriamali huwa wanaonjesha: asali ya Tabora kwenye kijiti, korosho za Mtwara mbili tatu, juisi kwenye kikombe kisichozidi kidole gumba. Binti yangu alimwongoza banda kwa banda kwa utaalamu ulionishangaza. Wakimaliza safu walikuwa wanavuka na kuanza nyingine, na nina wasiwasi banda moja walirudi wakiwa wamebadilishana kofia. Kwa akina mama waliotoka Dodoma alipewa zabibu kavu na juisi ya zabibu, akajilamba, akanivuta khanga. "Shangazi, hiki ndicho chakula kizuri cha Dar." Wifi alinyoosha shingo, akatutazama mmoja mmoja, wala hakuhitaji kusema lolote.

Lakini tulipoingia kwenye hema la chakula, pilau mbele yake, watu wazima watatu tukanyamaza kumtazama, Babu akaweka kijiko chini. Nimeshiba, alisema. Wifi akainuka akamshika mkono mpaka kwenye banda la upimaji afya, akampandisha kwenye mizani. Kumbuka huyu ni muuguzi. Uzito wa mwanawe anaujua kwa nukta. Mizani ikasema mtoto ameongezeka. Karibu kilo moja tangu atoke kwao.

"Mbovu," wifi akasema.

Kijana wa pale akapanda mwenyewe kuthibitisha kwamba mizani ni nzima. Wifi akamwambia naye pia hajijui uzito wake.

Kesho yake jioni, baada ya magharibi, hodi. Mjumbe wa mtaa wetu, amevaa koti, na nyuma yake wazee wawili wa msikitini na dereva mmoja wa bodaboda ambaye hakutaka kuingia ndani. Watu wa aina hiyo hawaji pamoja ila kwa msiba au kwa mpaka wa kiwanja. Baba watoto akawakaribisha, nikaleta maji. Mjumbe akakohoa.

"Tumekuja kumjulia hali mzee."

"Mzee yupi?"

"Babu. Babu yenu aliyetoka Dodoma."

Mume wangu akanitazama. Mimi baba yangu alifariki zamani, naye mume wangu babu zake wote wako makaburini Kisarawe. Akasema kwa tahadhari, "Yupo. Hajambo."

"Hajambo," mjumbe akarudia, akawageukia wazee, akaturudia sisi. "Sisi ni majirani, hatupendi kuingia mambo ya ndani. Lakini maneno yamezidi. Tumeambiwa mzee wa watu hali humu ndani. Asubuhi anatoka na mtoto wa kumshika mkono, anakwenda kwa Mama Kona kula kwa mkopo, katikati ya vijana wa bodaboda. Anaulizwa, Babu, mbona hukula nyumbani? Anajibu, nyumbani sili. Na meno hana, anatafunaje? Tumeambiwa siku nyingine anaomba ukoko." Mzee mmoja akaguna kwa huzuni, astaghafirullah. "Deni limefika mahali Mama Kona ameniomba niulize nani atalipa. Mzazi ni mzazi, baba, hata akiwa wa upande wa mke."

Hapo wifi, aliyekuwa jikoni akisikiliza, akaangusha mfuniko.

Na Babu akatoka chumbani kifua wazi, bukta ya kulalia mpaka magotini, mpira kwapani. Akawaona wageni, akafanya alivyofundishwa. "Shikamooni."

Wazee wakaitikia. Mjumbe alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama lile pengo la meno, akaushika mkono wenye namba ya simu iliyokuwa haijafutika. Dereva wa bodaboda akachungulia mlangoni akasema, "Ndiye huyo, Babu mwenyewe," kwa furaha ya shahidi aliyeaminiwa mwishowe. Nani alianza kucheka sijui, lakini mzee aliyeguna ndiye alimaliza wa mwisho, akijifuta macho kwa kofia. Mjumbe peke yake alijizuia, maana alikuja na koti. Aliporudisha hadhi yake alisema, "Hata hivyo deni lipo."

Asubuhi tulikwenda wote kwa Mama Kona. Nyumba yetu na banda lake hata hatua mia hazifiki. Namjua miaka yote, kwake nanunua vitumbua, ila kuketi kwenye benchi lake sikuwahi. Mtu haketi kwa mama ntilie wa mtaani kwake, watu watasema hapiki. Ameanza biashara hiyo zamani za Nguvu Kazi, ile sheria ya mwaka 1983 iliyowafanya wauza chakula wakimbie na masufuria ya moto kichwani, na ukutani ametundika kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 ambacho serikali ilianza kukigawa Desemba 2018. Hakitumiki tena, lakini anakifuta vumbi.

Akatuletea daftari. Ukurasa mzima umeandikwa juu yake *Babu Dodoma*. Chai, vitumbua viwili. Wali nusu, maharage. Chai, kitumbua. Wali nusu, maharage, dagaa. Ile Jumapili ya Coco Beach ilikuwamo pia, saa moja asubuhi, chai na vitumbua vitatu. Ndiyo maana mchana alikuwa na nguvu za kukataa kila kitu.

Wifi alisoma mstari kwa mstari. "Wali wako una nazi?"

"Utakosaje nazi?" Mama Kona akashangaa. "Wali una nazi, maharage yana nazi, kitumbua ndiyo kabisa, tui tupu."

Tukamtazama Babu. Yeye alikuwa ameshajibana kwenye benchi kati ya fundi uashi na dereva wa jana, miguu inaning'inia, anasubiri zamu yake. "Huu hauna mafuta ya nywele," alieleza. "Huu una ukoko."

Nikamuuliza Mama Kona anamfanyaje mpaka akala. Hakunielewa. Nikarudia. "Simfanyi kitu," akasema. "Namwekea, nageuka. Nina watu, mwanangu, nitakaa kumtazama mtoto anavyotafuna? Akichelewa fundi atamlia." Fundi akaitikia kwamba ni kweli, juzi alimlia dagaa.

Wifi akaanza ukaguzi wake. Ndoo ya kunawia ina bomba na sabuni imefungwa kwa kamba isiibiwe. Masufuria yamefunikwa. Alitaka kujua mabaki huwekwa wapi, na Mama Kona akacheka: mabaki gani, saa nane sufuria linakwanguliwa. Hapo nikamwona muuguzi analegea mabega. Chakula kisicholala hakina nafasi kubwa ya kuharibika. Kule tulikolipia kiyoyozi hakuna aliyetuambia lile paja la kuku lilipikwa lini. Akakunja khanga vizuri, akaketi benchi lile lile, akaagiza chai.

Baba watoto alisimama pembeni akipiga hesabu. Coco Beach, nauli za kwenda na kurudi, madafu, mgahawa, soda, Feri, viingilio. Akajaribu kuomba apunguziwe deni kwa kuwa mlaji ni mtoto. Mama Kona akakataa; kwenye daftari, alisema, ameandikwa Babu, na babu hapunguziwi. Ilikuwa shilingi 14,500. Wifi alitoa 10,000, mimi nikamalizia, na mume wangu akanunua kitumbua kimoja ili asionekane amekuja bure.

Walirudi Dodoma na nazi nne kwenye begi lililokuja na uwele. Mama Kona yupo bado, kona ya pili ukishuka Charambe. Anaanza saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa anaosha vyombo. Ukija na mtoto, muweke benchini wewe ukae mbali, na ukoko uuwahi kabla ya saa saba, mafundi hawaachi.